Mizani Mbili Kwenye Runinga

Je, mtu anaweza kudanganya kwa maneno ya kweli?

Machi 2008, Barack Obama akitafuta tiketi ya urais Marekani, vituo vya habari vya kebo vilirudia usiku na mchana vipande vya mahubiri ya mchungaji wake, Jeremiah Wright wa Chicago. Wright aliyasema kweli maneno yale makali ya kuilaani nchi yake kwa dhuluma dhidi ya watu weusi. Lakini mahubiri marefu ya 2003 yalikatwa yakabaki sekunde chache tu. Ilibidi Obama atoe hotuba nzima kuhusu rangi, Philadelphia, tarehe 18 Machi.

Sasa tazama upande wa pili. John McCain aliungwa mkono na John Hagee, mhubiri mzungu wa Texas, aliyewahi kusema kimbunga Katrina kilikuwa hukumu ya Mungu. Ni kweli, Hagee hakuwa mchungaji wake, na Mei McCain alimkataa. Hata hivyo, Hagee hakurudiwa kwenye runinga hata karibu na Wright.

Hapo ndipo uongo hujificha: si katika neno, bali katika kipimo. Mithali 20:10 inakemea mizani za aina mbili.

Nasi tuna mizani zetu. Kabla hujatuma video ya mwanasiasa kwenye WhatsApp, jiulize: imekatwa wapi? Na je, angekuwa wa kabila langu, ningeituma?