Haki ya Kumfunga Samaki

Huko Monterey, katika jimbo la California, Marekani, palikuwa na kiwanda cha kutia samaki makoponi. Mahali hapo, mwaka 1984, ilifunguliwa nyumba kubwa ya kuonyeshea viumbe wa bahari. Maji huvutwa kutoka ghubani, na msitu wa mwani hukua katika hodhi lenye kina cha zaidi ya mita 8. Watu hulipa kiingilio na kutazama.

Je, yafaa kumnyima kiumbe bahari yake ili sisi tuijue? Wasemao ndiyo hutukumbusha kwamba asiyekujua hakuthamini, na hakuna ailindaye bahari asiyoijua. Neno hilo ni kweli, walakini halitoshi, maana faida yote ni ya mtazamaji.

Mwaka 2004 mtoto wa papa mweupe aliwekwa humo. Alikaa siku 198, akaua papa wawili wa aina nyingine, akarudishwa baharini mwaka 2005. Fisi-maji mayatima nao hulelewa humo na majike wakubwa, kisha wawezao kujitegemea hurudishwa. Majike walezi hubaki, kwa sababu wao hawawezi tena kuishi baharini salama.

Kwa hiyo, msomaji, usimpime mfungaji kwa uzuri wa kioo chake. Muulize mambo mawili: mfungwa anapata nini, na mlango wake utafunguliwa lini? Ikiwa hautafunguliwa kamwe, sababu na iwe usalama wa mfungwa, si furaha ya mtazamaji. Asiyeweza kujibu hivyo ana gereza, hata akiliita shule.