Ukoko wa Umeme

Kuna kifaa kidogo kinachouzwa kwa wapiga gitaa wenye amplifaya za zamani. Chini kina kitako cha miguu minane, sawa na kitako cha valvu. Ndani hakuna kioo wala waya unaowaka. Kuna diodi za silikoni tu. Unachomoa valvu ya rektifaya, unachomeka hiki mahali pake, kazi inaendelea. Lakini baadhi ya vifaa hivi vina kitu cha ziada ndani: rezista iliyowekwa makusudi ili volti zipotee. Yaani mtengenezaji ametwaa kitu kisichochoka, kisha akakifundisha kuchoka.

Ukilitazama kwa macho ya hesabu, jambo hili ni kichekesho. Mimi naona limebeba swali zito: tunapoita kitu kibovu, tunajuaje kwamba ubovu wenyewe haukuwa na kazi?

Tuanze na kazi ya rektifaya. Umeme wa ukutani huenda na kurudi, mizunguko 50 au 60 kila sekunde kutegemea nchi. Amplifaya haiwezi kuutumia hivyo. Inautaka uende upande mmoja. Rektifaya ndiye bawabu: anaruhusu kutoka, hakuna kurudi. Bawabu wa kwanza wa aina ya valvu aliombewa hataza Uingereza mwaka 1904, na aliyemvumbua ni John Ambrose Fleming. Nusu karne baadaye, amplifaya kama Fender Deluxe ya miaka ya 1950 zilikuwa zikitumia mjukuu wake, valvu ya 5Y3. Valvu hiyo hula wati 10 kwa ajili ya kujipasha moto tu, kabla hata gitaa halijaguswa. Kisha, ikipitisha mkondo wa kutosha, inameza volti zipatazo 50 njiani. Diodi ya silikoni ya 1N4007 haihitaji kupashwa moto, huvumilia volti 1000 za kurudi nyuma, inameza takriban volti moja, na bei yake haifiki ya chupa ya soda.

Kwa hesabu hiyo hakuna mashindano. Watengenezaji waliliona mapema: Fender Twin Reverb, iliyotoka mwaka 1963, ilikuja na diodi za silikoni. Mambo yangeishia hapo kama wapiga gitaa wasingekuwa na mikono.

Mkono ndio uliogundua kilichopotea. Unapopiga kodi kwa nguvu, valvu kubwa zinazoendesha spika hudai umeme mwingi kwa ghafla. Rektifaya ya valvu ina ukinzani wake wa ndani. Ikidaiwa zaidi, volti zinanywea. Mwanzo wa kodi unabanwa kidogo, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema. Kodi inapoanza kufifia, mzigo unapungua, volti zinarudi, na sauti inachanua nyuma ya kidole. Mpigaji anayejua hili hapigi kamba tu. Anajua akipiga kwa upole atajibiwa wazi, na akipiga kwa hasira atajibiwa kwa kulegea. Ni mazungumzo. Ukiweka diodi tupu, jibu linakuja papo hapo, gumu na kamili, na baadhi ya wapigaji wanaona wameondolewa mtu waliyekuwa wakizungumza naye.

Hakuna mhandisi wa 1955 aliyekaa mezani akabuni mazungumzo hayo. Yalikuwa kasoro. Lakini watu waliishi na kasoro hiyo, wakaizoea, wakajenga juu yake namna ya kupiga, na kidogo kidogo ikaacha kuwa kasoro.

Sisi tunaokula wali tunalijua jambo hili bila somo la umeme. Ukoko ni kosa la moto. Ni wali uliokaa chini ya sufuria kupita kiasi. Hata hivyo katika nyumba nyingi ndicho kipande kinachogombewa, na anayepalia makaa juu ya mfuniko anajua fika anachokitafuta chini. Jungu kuu halikosi ukoko, wanasema wahenga, na hawakuusema kwa kuulaumu. Jiko la umeme la kupikia wali linaivisha kila punje sawasawa. Halijakosea popote. Ila kuna mtoto anayefunua sufuria, anakwangua chini, hakuti kitu.

Hapo wapenzi wa vya kale hupiga makofi, na hapo ndipo mimi huachana nao. Kwanza, masikio yao hayasemi ukweli wote. Jimi Hendrix aliposimama Woodstock mwaka 1969, nyuma yake zilikuwa amplifaya za Marshall za wati 100, aina inayotumia diodi za silikoni. Sauti ambayo wengi wanaihesabu kuwa moyo wa gitaa la umeme haikupitia rektifaya ya valvu. Pili, kunywea kwenyewe hutegemea mengi. Valvu ya GZ34 hunywea kidogo sana ikilinganishwa na 5Y3. Amplifaya ndogo yenye valvu moja ya kutoa nguvu huvuta mkondo karibu uleule wakati wote, kwa hiyo rektifaya yake haina nafasi kubwa ya kunywea. Na anayepiga chumbani usiku kwa sauti ya kunong'ona haisumbui rektifaya yoyote. Anaweza kulipia valvu ghali kwa ajili ya tofauti ambayo hajawahi kuiita itokee.

Tatu, na hili ndilo la maadili, kuna swali ambalo mashabiki wa kasoro hawapendi kuulizwa: nani anailipia? Wanaosifu wali wa kuni mara nyingi si wale wanaopuliza moto. Ukoko ni mtamu, lakini moshi uko machoni mwa mpishi. Kasoro ikiwa na ladha kwa mmoja na maumivu kwa mwingine, kuitetea kwa jina la mila ni kumlisha mtu jasho la mwenzake.

Kwenye amplifaya, bahati nzuri, mikono na mfuko kwa kawaida ni vya mtu mmoja. Anayefurahia kunywea ndiye anayenunua valvu mpya ile ya zamani ikifa, na viwanda vinavyozitengeneza leo ni vichache, vingi vikiwa Urusi, China na Slovakia. Kwa hiyo uamuzi ni wake. Akichoka kulipa, hajaisaliti sanaa.

Sasa turudi kwenye ile rezista. Je, kuchoka kwake ni kwa uongo? Nadhani tutofautishe ua la plastiki na mguu wa bandia. Ua la plastiki linaiga sura. Halinukii, nyuki hahangaiki nalo. Mguu wa bandia haufanani sana na mguu, lakini unambeba mtu. Rezista haiigi sura ya valvu. Inanywesha volti kwelikweli, na mkono ukiongeza nguvu inazinywesha zaidi. Haifuati valvu hatua kwa hatua, kwa sababu ukinzani wa valvu hubadilika kadiri mkondo unavyobadilika. Lakini inajibu. Na aliyeiweka mle ndani amekiri, bila kuandika neno, kwamba ule udhaifu ulikuwa na kazi.

Uongo unaweza kuwepo, ila hauko ndani ya kifaa. Uko kinywani mwa anayeuza amplifaya ya mwaka 1957 kama ilivyotoka kiwandani huku akijua kilichomo kwenye soketi. Uko pia kwa fundi anayechomeka diodi tupu bila kupima. Volti zikipanda kwa makumi, valvu zilizozoea maisha ya chini zinasukumwa kupita kiasi. Kapasita zilizoandikwa volti 450 zinaweza kuvushwa kiwango chake katika zile sekunde za mwanzo, wakati diodi tayari inafanya kazi na valvu nyingine bado ni baridi. Ule udhaifu ulikuwa pia kinga, na kila kilichounganishwa baada yake kilipimwa kwa kuutegemea.

Maisha yetu yamejaa vifaa, taratibu na hata watu ambao mtu fulani yuko tayari kuwabadilisha kwa kitu kisichochoka. Mara nyingi atakuwa sahihi. Simwombi aache. Namwomba aulize mawili kabla ya kuchomoa: nani amejifunza kuishi kwa udhaifu huu, na nani amekuwa akiulipia? Majibu yakiwa watu wawili tofauti, aanze kumsikiliza anayelipa.

Yakiwa mtu mmoja, kama kwa mpiga gitaa, basi fundi mzuri hana haja ya kuhubiri ya kale wala mapya. Amuulize tu: huwa unapiga kwa sauti kiasi gani?