Je, Kunyamaza ni Uvumilivu?

Shangazi alirudi Juba kutoka Nairobi, alikoanza kutibiwa saratani kwa dawa zinazoamsha kinga ya mwili. Daktari alimwonya: kinga ikiamshwa huweza kushambulia hata utumbo na mapafu, hivyo akiharisha au akikohoa apige simu mara moja. Aliharisha siku tatu, akanyamaza. Nilipogundua alisema, "Mwanangu, mmeshauza ng'ombe. Niwaongezee na hofu yangu?"

Tumefundishwa kwamba mvumilivu hula mbivu. Naona kuvumilia lisiloepukika ni ushujaa, bali kuficha linalotibika ni kuwanyima wapendwa nafasi ya kusaidia. Nasi tulikosea: tulimsifu kwa kutolia. Siku ileile tulipiga simu Nairobi. Kisha nikakaa naye, akalia, nami sikumnyamazisha.