Ukuta Nao Hupumua

Methali yetu yasema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi walimu tumeifundisha mara nyingi, na wanafunzi wetu wameiandikia insha nyingi. Lakini yako maswali ambayo methali hiyo haikuyajibu. Ufa uzibwe kwa kitu gani? Na je, azibaye kwa nia njema bila ya kuujua ukuta, ametenda wema?

Maswali haya yalitujia hapa Gisimenti, mtaa wa Kigali ambao jina lake, masikioni mwetu, lakumbusha simenti. Katika nyumba kuukuu ya matofali ya udongo tulikuwa na chumba cha kutunzia vitabu. Mvua za Machi zilipoanza, doa la unyevu lilijitokeza ukutani, na harufu ya ukungu ikaenea. Tuliona haya mbele ya wageni. Tukachanga fedha, tukaupaka ukuta rangi ya mafuta, tukasogeza kabati kulifunika doa, na madirisha tukayafunga. Kabla ya Mei kwisha, rangi ilivimba na kubanduka. Nyuma ya kabati vitabu vilikuwa vimeota ukungu, kurasa zimegandana. Hapakuwa na adui aliyetutenda hayo. Tulijitenda wenyewe, tena kwa kuvipenda vitabu.

Kosa letu dogo lina ndugu yake mkubwa huko pwani. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, mji ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Kuta hizo ni nene, nazo hunywa maji ya mvua na ya ardhini. Chokaa ina vinyweleo. Huyaacha maji yatoke tena polepole, upepo na jua vikayakausha. Ndiyo maana mafundi husema kwamba ukuta hupumua. Kisha huja mtu mwenye huruma, akauona ukuta unachubuka, akaupiga lipu ya saruji. Kwa nje nyumba yapendeza. Kwa ndani maji yamefungiwa: hupanda juu, huozesha ncha za boriti, na ukungu hutanda vyumbani. Hewa ikidumu na unyevu unaozidi asilimia 70 kwa siku nyingi, kuvu hupata makao, na wakazi wenye pumu huteseka.

Yupo atakayetuambia: “Msimlaumu mnyonge. Saruji ipo kila duka, na fundi wa chokaa ni adimu.” Neno hilo ni la haki, nasi hatumlaumu aliyekosa njia. Tunachokikataa ni wazo kwamba nia njema humwondolea mtu wajibu wa kuuliza. Mgonjwa haponi kwa sababu tu mganga wake anampenda.

Wala hofu ya kukosea isitufanye tukae mikono mitupu. Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 ilhali matengenezo yakiendelea, na watu wawili wakafariki. Nyumba kubwa haidhoofiki kwa siku moja, na kila mwaka unaopita huongeza mzigo wa atakayeitengeneza. Kwa hiyo hatuna budi kutenda, na kutenda mapema. Lakini kwanza tutazame.

Sisi tulitazama baada ya hasara. Tulipoibandua rangi na kuzunguka nyuma ya nyumba, tuliona mfereji wa paa uliopasuka, ukimwaga maji ukutani kila mvua inyeshapo. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefika huko. Tuliutengeneza mfereji, tukapaka chokaa, tukaliacha kabati shubiri moja mbali na ukuta. Vitabu vingine havikuokoka.

Basi tuifundishapo methali ile, tusiishie kwenye kuziba. Tuwaulize wanafunzi wetu pia: maji yanatoka wapi?