HOTUBA YA IJUMAA: KOMITE YA MTAA NI AMANA YA MWISLAMU PIA

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Tunamshukuru, tunamwomba msaada na tunamwomba msamaha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake wote. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, nawausia ninyi na kuiusia nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu, kwa siri na kwa wazi.

KHUTBA YA KWANZA

Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliacha nje ya mlango wa msikiti pamoja na viatu vyetu. Jambo hilo ni komite ya mtaa. Tunaijua sote. Ni wale majirani wanaokutana chini ya mwembe kupanga salongo ya Jumamosi, kuzibua kanivo, kusafisha chemchem, kufukia shimo linalokula njia kila mvua inaponyesha, na kuandika barua kwa chefu wa kartiye. Inapoitisha mkutano, Waislamu wengi hawaonekani. Ukiwauliza, utasikia majibu matatu: “Hayo ni mambo ya dunia, mimi natafuta Akhera.” “Ile komite ni ya Wakristo.” “Hiyo ni kazi ya Leta.” Tuyapime majibu hayo kwa mizani ya dini yetu.

Jibu la kwanza: ni mambo ya dunia. Ndugu, tuna sura fupi ambayo watoto wetu wa madrasa wanaihifadhi mapema, sura ya Al-Maun. Ndani yake Mwenyezi Mungu anawaonya vikali watu wanaosali lakini wameghafilika na sala zao, wanaojionyesha, na wanaonyima msaada mdogo wa nyumbani. Wanazuoni wamefafanua kwamba msaada huo ni vitu ambavyo majirani wanaazimana, kama ndoo, chungu na shoka. Basi mtu anayefungia jembe lake ndani siku ya salongo, kisha akawahi safu ya mbele Ijumaa, aisome sura hiyo polepole.

Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba imani ina matawi zaidi ya sitini. La juu ni kukiri kwamba hakuna mungu ila Allah, na la chini ni kuondoa njiani kitu chenye kudhuru watu. Akatueleza pia habari ya mtu aliyekuta tawi la miiba njiani, akaliondoa, Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kama mwiba mmoja una malipo hayo, je, shimo ambalo mtoto anaweza kutumbukia usiku? Je, maji machafu yanayopita mlangoni kwa mjane?

Jibu la pili: komite ni ya Wakristo. Sikilizeni historia ya Mtume wenu. Kabla hajapewa utume, akiwa kijana, mfanyabiashara mmoja kutoka Zabid, nchi ya Yemen, aliingia Makka na bidhaa. Al-As bin Wail, mkubwa wa mji, akazichukua na akakataa kulipa. Yule mgeni hakuwa na ukoo pale wa kumtetea. Akapaza sauti karibu na Kaaba akiomba haki. Ndipo watu wa koo kadhaa wakakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, wakaapa kusimama pamoja na kila aliyedhulumiwa, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Wakaenda kwa Al-As, wakamrudishia mgeni mali yake. Mapatano hayo yanaitwa Hilf al-Fudul, na Mtume wetu alikuwepo.

Waliokutana pale hawakuwa Waislamu. Hata hivyo, miaka mingi baadaye, akiwa tayari Mtume wa Mwenyezi Mungu, alisema kwamba asingekubali kubadilisha mapatano yale kwa ngamia wekundu, mali ya thamani kubwa kwa Waarabu, na kwamba kama angeitwa kwa jambo kama lile katika Uislamu, angeitika. Basi wewe ni nani unayekataa kuitika? Jirani yako Mkatoliki, Mprotestanti au Mkimbanguisti akikuita kusafisha chemchem, hakukuiti ubadilishe kibla chako. Kama wanafungua mkutano kwa sala yao, nyamaza kwa heshima, moyo wako umkumbuke Mola wako, kisha shikeni kazi iliyowaleta.

Na kumbukeni mfano wa safina aliotupigia Mtume (s.a.w.). Watu walipanda chombo kimoja, wengine juu, wengine chini. Wa chini walipotaka maji walilazimika kupita kwa wa juu, wakasema: tutoboe tundu upande wetu, tusiwasumbue wenzetu. Wakiachwa wafanye hivyo, wote wataangamia; wakishikwa mikono, wote wataokoka. Sisi wa Kindu hatuhitaji kufasiriwa mfano huu. Anayevuka kutoka Alunguli kuja upande wa Kasuku au Mikelenge anajua kwamba mtumbwi ukiingia maji, mto hauulizi nani anasali wapi.

Kipindupindu nacho hakiulizi. Mwaka 2011 kilianzia Kisangani, kikashuka na mto hadi Kinshasa. Mwaka 2017 kilipata watu zaidi ya 50,000 katika nchi yetu, na waliokufa walipita 1,000. Ugonjwa huu unapita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na choo. Mwenye parseli akichimba choo juu ya chemchem, anasema: hapa ni kwangu. Kweli ni kwake, lakini tundu analotoboa ni la chombo chetu sote. Kanuni inayofahamika ni kwamba choo kiwe mbali na kisima au chemchem angalau metre 30, tena upande wa chini. Na Mtume wetu aliwakataza watu kujisaidia mahali pa kuteka maji, njiani na kivulini wanapopumzika watu, akayaita mambo ya kuleta laana. Komite inayomwendea mwenye parseli kwa maneno mazuri kumwomba ahamishe choo chake inashika mkono wa anayetoboa chombo.

Jibu la tatu: ni kazi ya Leta. Ndiyo, Leta ina wajibu wake, nasi hatuuondoi. Lakini nani ataikumbusha? Wazee wetu wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, watu walivyosukumwa bila hiari, na ndiyo maana wengine mpaka leo jina hilo linawachukiza. Leo mambo ni tofauti. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 37, inatupa uhuru wa kuunda mashirika. Kifungu cha 53 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira yenye afya, na pia ana wajibu wa kuyatetea. Na kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi la maandishi kwa mamlaka, nayo inatakiwa kujibu ndani ya miezi mitatu.

Tujue vilevile mlango wa kugonga. Kwa sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008, kartiye si mamlaka yenye mfuko wake. Komine na mji ndizo zenye mfuko na uongozi wake. Kwa hiyo barua ipitie kwa chefu wa kartiye kwa heshima, lakini ifike komine, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwenu. Kulalamika barazani jioni nzima hakuzibui kanivo hata moja.

Nasema haya, na ninamwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na ninyi. Mwombeni msamaha, hakika Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wake.

Ndugu zangu, katika sura ya Al-Maida, aya ya 2, Mwenyezi Mungu ametuamuru tusaidiane katika wema na uchamungu, akatukataza tusisaidiane katika dhambi na uadui. Aya hii ina milango miwili, na komite inaweza kuingia wowote kati yake.

Mlango mbaya wa kwanza ni fedha. Kila nyumba imetoa franka zake kidogo, nyingine zimetoka kwa mama anayeuza mihogo. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akasema: hizi ni zenu, na hizi mimi nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake, je, zawadi hizo zingemfuata? Basi mtunza sanduku aandike katika kaye kila kinachoingia na kinachotoka, mbele ya mashahidi, na kaye isomwe mbele ya wote kila mwezi. Asichukie akiulizwa. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, aya ya 282 ya Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Kama uaminifu wa moyo ungetosha, tusingeamrishwa kuandika.

Mlango mbaya wa pili ni kujichukulia sheria. Komite ikikamata mwizi, haina ruhusa ya kumpiga wala kumchoma. Akabidhiwe kwa wenye kazi hiyo. Damu ya mtu haipigiwi kura chini ya mwembe.

Mlango wa tatu ni mwanasiasa anayekuja na fulana na magunia ya mchele wakati wa kura, akitaka komite iwe mali yake. Mshukuruni mgeni, lakini komite ibaki ya mtaa.

Sasa tunaombwa nini? Kesho ni Jumamosi. Kila mwenye nguvu atoke na jembe au ufagio, hata kama jirani upande wa pili hakutoka. Mwenye cheo asione haya. Mtume wetu alibeba udongo kwa mikono yake kwenye Handaki ya Madina. Mwenye kisomo awaandikie wenzake barua. Mwenye mali akumbuke kisima cha Ruma alichokinunua Sayyidna Uthman, akawaachia watu wote wanywe bila kulipa. Na wamama zetu wapewe nafasi ya kusema mkutanoni, maana wao na mabinti ndio wanaobeba bidoni na wanajua chemchem ipi imeharibika kabla yetu sisi.

Ee Mwenyezi Mungu, tusafishie nyoyo zetu na mitaa yetu. Ee Mola, waponye wagonjwa wetu, warehemu maiti wetu, walinde watoto wetu na maradhi ya maji. Wape viongozi wetu masikio ya kusikia na mikono isiyochukua kisicho chao. Ipe nchi yetu ya Kongo amani, mashariki yake na magharibi yake. Amin.

Inukeni tusali.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu, usiitupe chini. Usiisome wakati khatibu anahutubu. Ukimaliza, mpe jirani.)