Alinunua Skrini Kabla ya Kuitazama Mashine

Mfasiri mmoja wa Dar es Salaam, mama wa watoto wawili anayefanyia kazi nyumbani, alipata mkataba mkubwa kuliko yote aliyowahi kupata: miongozo ya mashine za hospitali, mamia ya kurasa, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili. Kazi ya namna hiyo haitoshi kwenye kioo kimoja cha inchi 14. Matini chanzi inataka nafasi yake, tafsiri inataka yake, na orodha ya istilahi inafunguliwa kila baada ya sentensi mbili. Anayeshinda akifungua na kufunga madirisha huishia kuruka mstari, na mstari uliorukwa katika mwongozo wa mashine ya kumsaidia mgonjwa kupumua si jambo dogo. Kwa hiyo uamuzi wake wa kuongeza skrini mbili ulikuwa sahihi kabisa. Kilichomponza ni kwamba alianzia mwisho.

Alianza kwa kununua skrini. Alikwenda Kariakoo akachagua mbili za inchi 24, zinazofanana, kila moja ina tundu la HDMI na la VGA. Kompyuta mpakato yake ilikuwa na tundu moja tu la HDMI. Akamwuliza muuzaji, "Kaka, kuna kifaa cha kunitolea skrini mbili kwenye tundu moja?"

"Kipo, dada yangu, tena bei nafuu," akajibiwa, akapewa splita.

Usiku ule skrini zote mbili ziliwaka, lakini zilionyesha kitu kilekile. Akifungua kamusi kushoto, na kulia inatokea kamusi. Alibonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, akachagua kupanua badala ya kurudufu. Kioo cha kompyuta kikajitenga na zile mbili, zenyewe zikabaki mapacha. Splita haitengenezi picha mpya. Inapokea picha moja na kuigawa kama ilivyo, ndiyo maana inafaa ukumbini au kanisani, ambako watu wa mbele na wa nyuma wanatakiwa waone jambo moja. Kwa kompyuta yake, pale mezani palikuwa na skrini moja tu ya nje.

Sioni sababu ya kumlaumu muuzaji. Aliulizwa kifaa cha kutoa skrini mbili, akakitoa. Mteja alipaswa kusema: nataka picha mbili tofauti, na kompyuta yangu ni hii hapa. Anayekwenda dukani bila mashine yake, au walau bila picha za pande zake zote kwenye simu, anamwachia muuzaji abahatishe, na hasara ya kubahatisha huko hailipwi na muuzaji.

Alirudi mara ya pili akanunua adapta ya kutoka USB-C kwenda HDMI, kwa kuwa ubavuni mwa kompyuta palikuwa na tundu dogo la umbo la USB-C. Akaichomeka, kimya. Akaibadilisha dukani kwa nyingine, kimya vilevile. Adapta zote mbili zilikuwa nzima. USB-C, ambayo vipimo vyake vilitolewa mwaka 2014, ni jina la umbo la tundu. Umbo hilo halisemi ndani mnapita nini. Matundu mengine hupitisha data na chaji basi. Mengine hupitisha na picha ya DisplayPort. Baadhi ya watengenezaji huweka pembeni alama ya herufi D na P, au alama ya radi pale penye Thunderbolt, lakini wengine hawaweki chochote. Njia ya uhakika ni kusoma namba kamili ya modeli chini ya kompyuta, halafu kutafuta sifa zake kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Ni kazi ya muda mfupi tu, tena haina gharama, na inanisikitisha kuona watu wengi wakiifanya baada ya kulipa.

Hata tundu linalotoa picha lina mipaka ya chipu iliyo nyuma yake. MacBook Air za chipu ya M1, zilizotoka mwaka 2020, na za M2 za mwaka 2022, huendesha skrini moja tu ya nje, ingawa kila moja ina matundu mawili ya USB-C yanayofanana. Anayeinunua iliyotumika akitegemea skrini mbili itambidi atafute kifaa cha DisplayLink, ambacho hubana picha na kuipitisha kama data ya USB kwa msaada wa programu maalumu. Kwa maandishi kinafaa. Kwa michezo na video nzito, sikishauri.

Hadithi yetu inaanza kuuma hapa. Mama yule, akiwa na skrini mbili, splita moja na adapta isiyotumika, aliamua kwamba kompyuta mpakato ndiyo mbaya. Akachukua sehemu ya ada ya muhula wa mtoto akanunua kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini, zile nyembamba zinazoletwa kwa wingi kutoka nje. Na mashine ilikuwa nzuri! Nyuma ilikuwa na matundu mawili ya DisplayPort na moja la VGA. Ingeweza kumpa skrini zake mbili bila taabu. Akaagiza kebo mbili zilizoandikwa "HDMI kwenda DisplayPort", akaona ncha zinaingia kote kote, akawasha. Skrini zote mbili zikaandika kwamba hakuna ishara.

Kebo za aina hiyo zina mwelekeo. Tundu la DisplayPort kwenye kompyuta nyingi linajua kujibadilisha likatoa ishara ya HDMI, ndiyo maana kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI huwa ya bei ndogo na haina ujanja mwingi ndani. Tundu la HDMI halina uwezo huo. Kutoka HDMI kwenda DisplayPort huhitajika kifaa cha kugeuza ishara, na kifaa hicho kinafanya kazi kwa kuelekea upande mmoja. Kebo zake zilitengenezwa kwa mwenye kompyuta ya HDMI na skrini ya DisplayPort. Yeye alikuwa na kinyume chake.

Hakulijua hilo. Alimpelekea mashine fundi wa kwanza aliyempata, naye bila kuuliza kebo gani zilitumika akamwuzia kadi ya grafiki. Ilikuwa ndefu kuliko sanduku. Kompyuta nyembamba hutaka kadi fupi. Isitoshe, tundu la ndani inamochomekwa kadi hutoa umeme usiozidi wati 75, na kadi inayotaka zaidi huhitaji waya wa ziada ambao masanduku mengi ya namna hiyo hayana. Kadi ikarudi nyumbani ndani ya boksi lake. Miongozo ya hospitali iliendelea kutafsiriwa usiku kwenye kile kile kioo cha inchi 14, ikapelekwa ikiwa imechelewa, na mteja akagundua aya mbili zilizorukwa. Awamu ya pili ya kazi alipewa mtu mwingine.

Kila alichonunua kilinunuliwa ili kuokoa kilichotangulia. Hilo ndilo la kuogopa zaidi katika mambo haya, maana vifaa vyenyewe ni vya bei ndogo, na mtu haoni fedha zikiondoka. Angeambiwa siku ya kwanza kwamba atalipa jumla ile, angesimama afikiri.

Aliyemaliza tatizo ni mzee wa jirani, fundi wa redio na televisheni. Hakugusa mipangilio. Aliigeuza mashine, akawasha tochi ya simu, akatazama matundu, kisha akageukia skrini. "Mwanangu," akamwambia, "picha inatoka hapa, inaingia pale. Wewe umeleta kebo zinazotoka pale." Wakanunua mbili za DisplayPort kwenda HDMI, na jioni ile tafsiri ikakaa skrini moja, chanzi nyingine.

Mzee aliongeza neno ambalo wanunuzi wa kompyuta zilizotumika walishike: idadi ya matundu si idadi ya skrini. Prosesa za Intel Core za kizazi cha pili, za mwaka 2011, kwa grafiki yake ya ndani huendesha skrini mbili, hata mashine ikiwa na matundu matatu. Skrini tatu zilianza na kizazi cha tatu, mwaka 2012, nazo kwa masharti ya aina ya matundu yanayotumika.

Kwenye masanduku makubwa yenye kadi ya grafiki, tazama pia matundu yamekaa wapi. Yaliyopangwa pamoja na ya USB ni ya ubao mama. Yaliyo chini yake, peke yake, ni ya kadi. Mara nyingi kadi ikiwepo, ya ubao mama huzimwa. Na prosesa za Intel ambazo majina yake huishia na herufi F hazina grafiki ya ndani kabisa, kwa hiyo kebo iliyochomekwa kwenye ubao mama haitaonyesha kitu hata mashine ikiwa nzima. Mtu akiona giza namna hiyo, asikimbilie kusema kadi imeungua.

Baada ya skrini kuwaka bado mama yule alilalamika: kipanya kikienda kulia kinagonga ukuta, kikienda kushoto kinatokea skrini ya kulia. Hilo halihitaji kununua kitu. Kwenye mipangilio ya skrini kuna visanduku vyenye namba. Vikokote vifuate mpango wa mezani, kisha chagua ipi iwe kuu. Iliyo kuu ikae mbele ya uso, umbali wa mkono, ukingo wake wa juu usizidi usawa wa macho. Ya pili igeuzwe kidogo kukuelekea. Anayeziweka zote mbili sawasawa na kuutazama mwanya wa katikati hulala na shingo inayouma.

Likabaki la umeme. Kompyuta mpakato ina betri yake; ya mezani haina, na umeme ukikatika sentensi ambayo haijahifadhiwa imekwenda. Mzee akamshauri anunue UPS, kifaa chenye betri ya akiba, kabla ya kupokea kazi nyingine, achomeke humo mashine na skrini kuu, ya pili ibaki kwenye soketi ya kawaida ili betri idumu hadi afunge kazi vizuri. Printa ya leza aliikataza isichomekwe kwenye UPS, kwa sababu kipasha joto chake huvuta umeme mwingi kwa ghafla kuliko UPS ndogo inavyoweza kutoa.