VIJANA WETU NA ILIMU YA KAZI

Ndugu zetu Waislamu, malalamiko ni yale yale: kijana amemaliza skuli, cheti anacho, kazi hana. Babake husema bandarini hutakiwa wageni tu. Huenda pana dhuluma, wala hatuikanushi. Lakini na tujiulize: akiitwa Kilindini kesho, akaambiwa aunge chuma au atengeneze umeme wa winchi, aweza?

Ni sisi tuliowafunza wana wetu kuwa kazi ni kalamu na meza, na kuwa mwenye mikono ya mafuta haozwi binti wa watu. Haya hayana asili katika dini. Nabii Daudi alifua deraya. Nabii Zakariya alikuwa seremala, juu yao amani. Na Imamu Ghazali, katika Ihya, amezihisabu kazi kama ukulima, ufumaji na ushoni kuwa ni fardhi kifaya: mji ukizikosa, wote wamo lawamani.

Wazee wetu walilifahamu hili. Mwaka 1951 chuo cha ufundi cha Waislamu kilipokea wanafunzi wake wa kwanza hapa Mombasa, kwa mali ya Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, Mabohora na serikali ya wakati ule. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi. Je, wana wetu wangapi wamo ndani?

Nanyi wenye makampuni, mwataka fundi aliyekwisha kuiva, na kumfunza hamtaki. Mazoea atayapata wapi? Mchukueni mwaka mmoja au miwili chini ya fundi wenu, kwa ujira wa haki, kisha ndipo mumhukumu.